Kabla ya Kuchora, Nionyeshe Jedwali

Mama Majedwali anajibu maswali ya wasomaji

Barua nyingi safari hii zinazunguka jambo moja: watu wanajenga kurasa za wavuti ambamo mtu anafungua faili la data, analipanga, analichuja na kulichora humo humo ndani ya kivinjari, bila kusakinisha programu yoyote. Nimezifupisha. Maneno makali kuhusu lahajedwali nimeyakata, ingawa mengine yalistahili kubaki.

*Mama Majedwali, shikamoo. Nina ukurasa ambao mtu anaburuta faili la CSV na kupata chati. Msimbo wangu unaligawa faili kila mstari unapoisha, kisha unaukata kila mstari penye mkato. Mafaili yangu ya majaribio yote yalikubali. Ya watumiaji yanakuja safuwima zimehama, na namba za wanafunzi zimepoteza sifuri za mwanzo. Nimekosea wapi? — Mkata Mikato*

Marahaba, mwanangu. Umekosea kwenye mkasi. CSV, yaani faili la maandishi ambalo visanduku vyake hutenganishwa kwa mkato, ilitumika miaka mingi kabla mtu hajakaa kuiandikia utaratibu. Waraka unaorejelewa zaidi, RFC 4180, ulitoka Oktoba 2005, na kwa sehemu kubwa unaeleza mazoea yaliyokuwa yameshaenea. Zoea mojawapo ni hili: maandishi yaliyofungwa kwa alama za kunukuu yanaruhusiwa kubeba mkato ndani yake, na hata kuvuka mstari. Mtu aliyeandika anwani yake kwa mistari miwili katika kisanduku kimoja, msimbo wako unamhesabu kuwa watu wawili. Na alama ya kunukuu ikihitajika ndani ya maandishi hayo, huandikwa mara mbili mfululizo. Usihangaike kuyaandika haya mwenyewe. Maktaba ya msimbo iitwayo Papa Parse inayajua, na katika D3, maktaba ya kuchorea, kile kipande kinachosoma CSV kinayajua pia.

Kuna mitego mingine miwili midogo. Katika nchi ambazo mkato ndio alama ya desimali, lahajedwali hutenganisha visanduku kwa nukta-mkato, na bado faili linaitwa CSV. Basi chungulia mistari ya mwanzo, ukisie kitenganishi, halafu umpe mtumiaji nafasi ya kukubadilishia. Pia mafaili mengi ya UTF-8 (namna iliyoenea ya kuhifadhi herufi) huanza na herufi isiyoonekana, U+FEFF. Usipoiondoa, safuwima ya kwanza utaiona kwa macho inaitwa "jina", lakini ukiitafuta kwa jina hilo programu itakuambia haipo. Nimeona watu wazima na akili zao wakilitazama neno hilo kwenye skrini na kuanza kujitilia shaka.

Sasa sifuri zako. Zana yako imeona tarakimu ikadhani ni namba. Mimi hutumia jaribio moja: je, kuna maana yoyote kuzijumlisha? Jumla ya namba za wanafunzi haimwambii mtu kitu, kwa hiyo hayo ni maandishi yaliyovaa tarakimu. Safuwima yenye thamani hata moja inayoanza na sifuri na kufuatwa na tarakimu nyingine, iache kuwa maandishi. Iache hivyo pia ikiwa tarakimu ni nyingi mno, maana namba za kawaida za JavaScript, lugha ya programu ya vivinjari, ni sahihi kwa namba kamili hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Jaribu mwenyewe: andika 9007199254740993 kwenye konsoli uone itakurudishia nini. Itaishia na 2, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

Onyo halitatokea kwingine pia, na hapa nitakaa kidogo. JavaScript ina vitendakazi vya kugeuza maandishi kuwa namba. Ukimpa `Number()` maandishi matupu, anakurudishia sifuri. Kisanduku ambacho mtu hakukijaza kinageuka kuwa kipimo cha sifuri, wastani unashuka, na chati inatoka safi kabisa. Ukimpa `parseFloat()` "1,234", anasoma 1 na kuishia hapo. Tarehe nazo: "2024-03-05" JavaScript inaisoma kwa saa za UTC (saa za kimataifa za marejeo), lakini "2024/03/05" vivinjari huisoma kwa saa za mahali kompyuta ilipo. Mtu aliye magharibi ya Greenwich akifungua faili lenye muundo wa kwanza, anaweza kuonyeshwa tarehe 4. Na "03/04/2024" haina jibu la moja kwa moja. Anayejua kama ni Machi au Aprili ni mwenye faili.

Ukidhani haya ni mambo ya waandika programu peke yao, waulize wanajenetiki. Lahajedwali zilikuwa zikigeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe, kimyakimya, na makosa hayo yakaingia hadi kwenye majedwali ya makala za kisayansi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza miongozo mipya, na jeni hizo sasa zinaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Programu iligoma kubadilika, sayansi ikabadilika.

Kwa hiyo kisia, lakini kisia hadharani. Juu ya kila safuwima andika umeichukulia kuwa nini (namba, tarehe, maandishi), visanduku vingapi ni vitupu, vingapi vimekataa kusomeka, na uweke mfano wa vilivyokataa. Mtumiaji abonyeze hapo kubadilisha aina. Kazi hii haina sifa, hakuna atakayepiga picha ya skrini yake, lakini mimi naihesabu kuwa nusu ya zana nzima.

*Salamu Mama. Nina jedwali la mistari laki tatu na safuwima ishirini. Kivinjari kinaganda, feni inalia. Wenzangu wanasema nihamishie kila kitu kwenye seva. Wana haki? — Feni Inalia*

Bado. Kompyuta ya kawaida inalimudu jedwali hilo. Inayoshindwa ni namna ulivyolibeba. Nitajie kwanza kinachoganda, maana barua yako haisemi: ni wakati wa kusoma faili, wa kusogeza jedwali, au wa kuchora chati? Dawa zake hazifanani.

Kama ni kusogeza, nadhani umeziunda seli zote kwa HTML. Laki tatu mara ishirini ni elementi milioni sita, na kivinjari kinapaswa kujua mahali pa kila moja. Skrini inaonyesha pengine mistari arobaini. Unda hiyo arobaini na michache ya akiba juu na chini, kisha mtu anaposogeza, zibadilishie elementi zile zile maandishi. Kimo cha jedwali kidanganye kwa kisanduku kitupu kirefu. Lakini kumbuka kila kivinjari kina kikomo cha urefu wa elementi, kwa mamilioni ya pikseli. Jedwali likifika mistari milioni kadhaa, mwisho wake hautafikika, na hapo itabidi usogezo uukokotoe kwa uwiano.

Kama ni kusoma, ondoa kazi hiyo kwenye njia kuu. Ukurasa una njia moja inayochora na kuitikia vidole vya mtumiaji, na skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde inaipa takriban milisekunde 16.7 kila mara. Ukiitumia njia hiyo kuchambua faili kwa sekunde nne, kwa sekunde nne hakuna kitufe kitakachosikia. Peleka uchambuzi kwenye Web Worker, yaani njia ya pembeni inayofanya kazi bila kuizuia ile kuu, usome faili vipande vipande, na uanze kuonyesha mistari ya kwanza wakati iliyobaki inaendelea kuingia.

Halafu tazama unavyoihifadhi. Wengi wetu tulifundishwa kuweka kila mstari kama kitu chenye majina ya safuwima ndani yake. Inapendeza kuisoma, inakula memori. Geuza ubavu: kila safuwima iwe safu moja ndefu. Namba milioni moja ndani ya `Float64Array` zinachukua baiti milioni 8, basi. Safuwima ya maandishi yanayojirudia, kama jinsia au jina la idara, weka orodha fupi ya maneno, na katika kila mstari uweke namba ya neno. Kuchuja kunakuwa ni kulinganisha namba, na kompyuta hupenda kazi hiyo kuliko zote.

Ukitaka nguvu zaidi bila seva, ipo DuckDB. Hiyo ni hifadhidata iliyoanzia CWI, kituo cha utafiti cha Amsterdam, na ina toleo la WebAssembly (msimbo wa kasi ambao vivinjari huuelewa) linaloendeshwa ndani ya kichupo cha kivinjari. Unaiandikia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, inakujibu kutoka kwenye faili la CSV au Parquet. Parquet ina faida ya pekee: data imepangwa kwa safuwima, kwa hiyo faili likiwa mbali kwenye mtandao, kivinjari kinaweza kuomba sehemu inayohitajika tu. Sikuambii uikimbilie. Ni mzigo wa megabaiti kadhaa kabla mtumiaji hajaona herufi moja, na kwa mistari laki tatu msimbo wako uliopangwa vizuri unatosha. Mistari ikifika milioni kumi, zungumza nayo.

Imebaki chati. Kivinjari kina njia kadhaa za kuchora. SVG inaunda elementi kwa kila nukta, na ikipita elfu kadhaa utaanza kuona uzito. Canvas inapaka pikseli na kusahau, kwa hiyo inastahimili nyingi zaidi, na WebGL zaidi ya hapo. Kabla hujapanda ngazi hizo lakini, piga hesabu: chati ya pikseli 800 kwa 500 ina pikseli laki nne. Ukizimwagia nukta laki tatu, utachora doa jeusi kwa kasi ya kupendeza. Gawa eneo katika viraba, hesabu nukta zilizoangukia kila kiraba, upake rangi kwa hesabu. Wapo wanaochukua sampuli ya bahati nasibu wakachora hiyo. Kwa umbo la jumla inafaa, ila thamani ya ajabu moja iliyojificha kati ya laki tatu, ambayo pengine ndiyo mtu aliyokuja kuitafuta, ina nafasi kubwa ya kuachwa nje. Ukitumia sampuli, andika juu ya chati kwamba ni sampuli.

*Dada, D3 imenitoa jasho. Lazima niijue? Na nichague chati gani? — Mvivu Mwaminifu*

Si lazima. D3 ilitoka mwaka 2011 mikononi mwa Mike Bostock, Vadim Ogievetsky na Jeffrey Heer, wakiwa Stanford, na inakupa vipande: mizani, mihimili, njia za kuunganisha data na elementi. Chati unaiunda mwenyewe. Kwa kuchungulia data anza na Observable Plot au Vega-Lite, ambazo unaziambia safuwima ipi iende mlalo na ipi wima, zinamaliza zenyewe. Rudi kwa D3 siku utakapotaka kitu ambacho hazikukijua.

Kuhusu chati, wanatakwimu Cleveland na McGill walipima jambo hili mwaka 1984: macho yanalinganisha vizuri zaidi mahali penye mizani moja, kisha urefu, kisha pembe, na eneo lipo chini zaidi. Kwa hiyo nukta na pau kabla ya duara. Pau zianzie sifuri daima, kwa sababu anayezitazama analinganisha urefu. Chati ya mstari haina sharti hilo. Na chati yenye mizani miwili tofauti, mmoja kushoto na mwingine kulia, mimi siijengi hata nikiombwa kwa adabu. Ukivuta mzani mmoja, mistari miwili isiyohusiana itacheza pamoja kama ndugu.

Rangi: nyekundu dhidi ya kijani ziache. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, karibu mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, na hiyo ndiyo jozi inayomsumbua zaidi.

*Mama, mkuu wangu wa kazi anataka namba nne kubwa juu ya ukurasa na chati mbili. Jedwali lenyewe anasema ni takataka, lifichwe. Nimjibu nini bila kufukuzwa? — Bado Nina Kazi*

Mpe namba zake nne, kisha weka jedwali chini yake. Akiuliza, mwonyeshe mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Francis Anscombe, mwanatakwimu, mwaka 1973. Alitunga seti nne za data, kila moja ina jozi 11. Zote zina wastani wa 9 kwa x na karibu 7.5 kwa y, kipimo cha jinsi x na y zinavyokwenda pamoja cha karibu 0.816, na mstari ule ule wa y = 3 + 0.5x. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida, ya pili ni mkunjo laini, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyoasi, na ya nne ina nukta zote zimesimama wima isipokuwa moja iliyo mbali, na hiyo moja ndiyo inayouunda mstari wote. Namba nne kubwa za mkuu wako zingekuwa sawa kwa zote nne. Mchoree kwenye ukurasa huo huo wa zana yako, data yake ni fupi.

Wa pili unamhusu zaidi, kwa sababu Anscombe anaonyesha kwa nini tuchore, na huu unaonyesha kwa nini hata mchoro hautoshi. Uingereza, kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 waliopimwa na kukutwa na korona hawakuingia kwenye takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la XLS, muundo wa zamani wa Excel, ambao unaishia mistari 65,536. Ule mpya unafika 1,048,576. Faili likajaa, mistari iliyozidi ikaachwa. Wafuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa wakachelewa kupata majina. Chati ya siku hizo ilichorwa sawasawa kutokana na data iliyokuwepo, na hakuna rangi wala mzani ambao ungemwambia mtu kwamba kuna kitu hakipo.

Kinachoweza kusema ni hesabu ya mistari. Mimi kila zana ninayojenga ina mstari mmoja mdogo wa maandishi usiofichika: faili lina mistari mingapi, mingapi imesomeka, mingapi imepita kichujio, mingapi imechorwa. Namba nne, kama anavyotaka mkuu wako, ila hizi ndizo za kwanza. Mistari 48,210 imesomeka na 47,902 imechorwa? Hizo 308 ziwe kiungo: mtu akibonyeza, jedwali linajichuja na kuonyesha hizo tu. Ben Shneiderman, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika mwaka 1996 kwamba msomaji apewe kwanza picha ya jumla, halafu akuze na kuchuja, halafu apate undani anapouomba. Wajenzi wengi huishia hatua ya pili. Kila upau kwenye chati yako uwe mlango wa kurudi kwenye mistari iliyouunda. Mkuu wako ataubonyeza siku atakapoona namba asiyoipenda, na siku hiyo hataita jedwali takataka.

*Kwako Mama. Zana yangu inasoma faili humo humo kwenye kivinjari. Naweza kuwaandikia watumiaji "data yako haiondoki kwenye kompyuta yako"? Na kitufe cha kupakua matokeo kina hatari yoyote? — Mlinzi wa Zamu*

Unaweza, ukishathibitisha. Ni kweli kivinjari kinaweza kulisoma faili aliloteua mtumiaji bila kulipeleka popote. Lakini ukurasa wako huenda una msimbo wa kuhesabu wageni, au wa kukusanya taarifa za makosa, na ujumbe wa kosa unaweza kubeba kisanduku kizima ndani yake. Fungua sehemu ya mtandao katika zana za wasanidi za kivinjari, pakia faili, chuja, chora, utazame kinachotoka. Kisha zima intaneti ujaribu tena. Na ili ahadi isitegemee kumbukumbu yako, weka Content-Security-Policy, yaani masharti ambayo ukurasa unampa kivinjari, yenye `default-src` na `connect-src` zinazozuia msimbo na picha za ukurasa kuwasiliana na kwingine.

Angalia pia viungo. Wengi huhifadhi kichujio ndani ya anwani ya ukurasa ili mtu amtumie mwenzake, jambo zuri sana. Ila kichujio cha "jina = fulani" kikikaa baada ya alama ya kuuliza, jina hilo linafika kwenye seva na kulala kwenye kumbukumbu zake. Kikikaa baada ya `#`, kivinjari hakikipeleki.

Visanduku vyenyewe usiviamini. Weka maandishi yake kwa `textContent`, inayoyaonyesha kama yalivyo, kamwe usitumie `innerHTML`, inayoyasoma kama msimbo wa ukurasa, maana kisanduku kinaweza kuwa na HTML iliyoandikwa na mtu asiyekutakia mema.

Kitufe cha kupakua kina hatari, ndiyo. Lahajedwali ikikuta kisanduku kinachoanza na =, +, - au @, inaweza kukichukulia kuwa fomula na kuitekeleza kwenye kompyuta ya aliyepakua. Kinga inayotumika sana ni kutanguliza alama ya nukuu moja mbele ya visanduku hivyo. Lakini ukifanya hivyo kwa kila kinachoanza na alama ya kutoa, utaziharibu namba hasi zote. Zikague kwanza: safuwima uliyokwisha kuitambua kuwa ya namba, na thamani ikasomeka kuwa namba kweli, iache ilivyo, na kinga uiweke kwenye visanduku vingine vyote vinavyoanza na alama hizo.